Mpangilio wa safu katika faharasa

Mpangilio wa safu katika faharasa ni utaratibu wa safu ipi itangulie na ipi ifuate pale faharasa ya kanzidata inapojengwa juu ya safu zaidi ya moja. Data zikiwa zilezile na safu zilezile, mpangilio pekee unaweza kuamua kama jibu litapatikana mara moja au baada ya kompyuta kusoma jedwali zima.

Mfano wa karibu ni postikodi za Tanzania. Tarakimu mbili za kwanza huonyesha mkoa, ya tatu wilaya, na mbili za mwisho kata. Namba za Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, huanza na 50, hivyo katika orodha iliyopangwa kwa postikodi kata zake zote hukaa pamoja. Lakini anayejua tarakimu mbili za mwisho tu hana pa kuanzia, kwa sababu namba zinazoishia na 07 zimetawanyika nchi nzima.

Faharasa ya mkoa, halmashauri na kata hufanya vivyo hivyo. Kupata kata za Nsimbo mkoani Katavi ni rahisi. Anayeandika "Katumba" pekee hasaidiwi: Katumba ya Nsimbo iko chini ya Katavi, na Katumba ya Rungwe iko chini ya Mbeya. Yeye anahitaji faharasa inayoanza na kata. Kubadilisha mfuatano wa masharti ndani ya swali la SQL hakusaidii kitu.

Wengi hufundishwa kutanguliza safu yenye thamani nyingi tofauti. Kanuni hiyo hupotosha. Tuseme jedwali la mauzo ya tumbaku linaulizwa mauzo ya Wilaya ya Mlele kati ya Mei na Julai. Tarehe ndizo nyingi, lakini zikitangulia, kanzidata itapitia mauzo ya wilaya zote ya miezi hiyo ili kuchuja ya Mlele. Wilaya ikitangulia, itaenda moja kwa moja Mlele na kusoma miezi mitatu tu. Safu inayolinganishwa na thamani moja hutangulia ile inayotafutwa kwa masafa.

Oracle, na PostgreSQL tangu toleo la 18 la mwaka 2025, zinaweza kuruka safu ya kwanza isiyotajwa iwapo ina thamani chache, kama mikoa 31 ya Tanzania. Thamani zikiwa maelfu, faida hiyo hupotea.