Samaki wa Tui Mjini Paris

Wasomaji wangu, mtu wa pwani akikaa ugenini siku tatu bila ya kuonja nazi huanza kuiota. Ndivyo yalivyonifika mimi mjini Paris, Ufaransa. Jioni ya siku ya nne nikajikuta mbele ya mkahawa mmoja katika mtaa wa 13, walikojaa watu wa Mashariki ya Mbali. Ubao wa mlangoni ulitaja vyakula vya namna mbili: vya Kifaransa na vya Kambodia.

Si ajabu. Ufaransa iliitawala Kambodia tangu 1863 hata 1953, na mtawala akiondoka huacha chungu chake jikoni. Mpaka leo Wakambodia huoka mikate ya Kifaransa, nao Wafaransa huisifu pilipili manga ya Kampot.

Nikamwita mwenye mkahawa, mzee mwenye mvi, nikamwuliza kwa haya: kipi hapa hakina nguruwe wala mvinyo? Nalidhani atanicheka. Hakucheka, alivuta kiti akaketi.

Akanieleza kuwa utotoni mwake majirani zao walikuwa Wacham, Waislamu wa Kambodia. Khmer Rouge walipoishika nchi, kuanzia Aprili 1975 hadi Januari 1979, walifunga misikiti, wakachoma misahafu, wakawalazimisha Wacham kula nguruwe. Wengi waliokataa waliuawa. Mwaka 2018 mahakama huko Phnom Penh ilimtia hatiani Nuon Chea, mmoja wa wakuu wao, kwa mauaji ya kimbari dhidi ya Wacham. Lakini mzee huyu hakuhitaji hukumu ya mahakama. Jirani yao alilikataa tonge lile, na hakuonekana tena. Ndiyo maana, akasema, sufuria yake ya samaki haichanganywi na nyingine.

Akaniletea amok: samaki aliyepikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba, kwa tui zito, manjano na mchaichai. Lo! Ni ndugu wa samaki wetu wa kupaka. Kando yake akaweka mkate wa Kifaransa, nikauchovya katika tui kama tuchovyavyo mkate wa mofa.

Nyumbani Bismillahi huipitisha kimoyomoyo, kwa mazoea tu. Usiku ule niliisema kwa sauti, naye mzee akainamisha kichwa. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Methali hiyo naijua tangu nikiwa chuoni. Uzito wake niliupima mbele ya sahani ile.