Dredi kwa Nywele Fupi: Urefu wa Kuanzia, Maji ya Kuoshea na Hatari ya Kuharakisha

Mtihani wa KCSE ukimalizika mwezi wa Novemba, vijana wengi huacha kwenda kwa kinyozi. Januari inapoisha, nywele zilizokuwa zikinyolewa kila muhula kwa miaka minne huwa zimeota sentimita mbili hadi tatu, na hapo ndipo safari ya dredi huanza. Katika saluni za Mtwapa, Kilifi mjini na Malindi swali huwa ni lile lile: je, nywele hizi zatosha, au ni lazima kuunga za bandia?

Zatosha. Nywele za kipilipili zenye urefu wa sentimita mbili na nusu, yaani kama inchi moja, zinaweza kusokotwa zikashika. Tena nywele fupi zina faida yake: ni nyepesi, hazivuti ngozi, hukauka upesi na hazihitaji maji mengi. Kinachowaponza wengi ni haraka ya kutaka dredi za mabegani kabla ya wiki kwisha.

Mteja mwenye haraka huungiwa nywele za bandia juu ya nywele zake fupi. Fundi hulazimika kukaza sana ili kiungo kisiteleze, na mzigo wote huning'inia kwenye vinyweleo vichache vilivyo karibu na ngozi. Dalili za kwanza huonekana kwenye paji la uso, juu ya masikio na kisogoni: maumivu, vipele vidogo kwenye mstari wa nywele, kisha nywele kukonda. Wateja huambiwa kwamba kichwa kuuma usiku wa kwanza ni kawaida na kwamba dawa mbili za maumivu zitamaliza. Si kawaida. Kichwa kinachouma baada ya kusukwa kimekazwa kupita kiasi, na tiba yake ni kulegeza. Mvuto ukiondolewa mapema, nywele huota tena. Ukiendelea kwa miezi au miaka, kinyweleo hubaki kovu, na mahali pale hapaoti tena hata kwa mafuta ya bei gani. Yeyote aliyeanza kuona paji la uso likirudi nyuma asisubiri. Azifungue na aende kituo cha afya.

Ili kuona kwa nini haraka haina kazi hapa, inafaa kujua dredi hujifunga vipi. Kila siku kichwa cha mtu hupoteza kati ya nywele 50 na 100. Anayechana huziona kwenye kitana. Asiyechana, nywele zile zilizong'oka hubaki ndani, zikajiviringisha na zile ambazo bado zimeshika mizizi. Kwa miezi kadhaa fundo hilo huzidi kukaza mpaka likawa kamba moja. Fundi hupanga tu mwanzo wake. Kazi yenyewe hufanywa na nywele, na hakuna jeli inayoweza kuifanya kwa usiku mmoja.

Kwa nywele za inchi moja, njia inayofaa zaidi ni ya kitana chenye meno madogo. Nywele huoshwa, zikagawanywa katika vipande vya mraba, kisha kitana huwekwa karibu na ngozi na kuzungushwa upande mmoja hadi ncha, kikiacha kijipindo kama springi. Mafundi wazoefu hupanga vipande kama matofali ya ukuta, kila kimoja kikiwa juu ya nafasi ya viwili vya chini, ili ngozi isionekane kwa mistari dredi zikianza kulala. Upana wa kila kipande ndio unaoamua unene wa baadaye. Anayekata vipande vidogo mno ili apate dredi nyingi hujuta mwaka wa pili, mizizi inapokuwa myembamba kuliko dredi inayoibeba.

Wenye nywele za sentimita tano na zaidi wanaweza kusokota kwa mafungu mawili, ambayo hayafumuki kwa urahisi. Sponji yenye matundu ni rahisi na mtu huweza kuitumia mwenyewe nyumbani, ila hugawa nywele bila mpango, dredi moja ikawa nene na jirani yake uzi. Sindano ya kroshia hufunga mara moja, lakini kwenye nywele fupi sana hukata nyuzi na kuchoma ngozi. Ni afadhali ingoje.

Cha kushikiza kisiwe kizito. Ute wa mshubiri watosha, baada ya kujaribiwa kwanza kidogo nyuma ya sikio kuona kama unawasha. Nta ya nyuki na mafuta mazito ya mgando hung'arisha siku ya kwanza, halafu hunasa vumbi na kubaki ndani ya dredi, na kuyatoa ni kazi kubwa. Matone machache ya mafuta ya nazi kwenye ngozi, mara moja au mbili kwa wiki, yanatosha.

Bado wapo wanaoamini kwamba dredi hazioshwi. Ngozi ya kichwa hutoa jasho na mafuta sawa na ya mtu mwingine yeyote, na joto la pwani halina huruma. Wiki mbili au tatu za kwanza nywele zinaweza kuachwa zitulie. Baada ya hapo zioshwe kila wiki moja au mbili. Ili vijipindo visifumuke, kichwa huvikwa soksi ndefu nyepesi ya kike, shampuu ikachanganywa na maji kwenye chupa na kumiminwa juu yake, kisha ngozi ikabonyezwa kwa ncha za vidole bila kusuguliwa huku na huku. Suuza hufanywa mpaka maji yatoke bila povu.

Hapa suala la maji lina uzito wake. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina maji ya chumvi au yenye chokaa. Maji hayo hayatoi povu vizuri, na sabuni ikikutana nayo huacha utando mweupe ambao watu hudhani ni mba. Anayetumia maji ya kisima aweke kando maji ya mvua au ya bomba kwa ajili ya suuza ya mwisho. Kwa nywele fupi nusu ya mtungi wa lita 20 yatosha. Anayeogelea baharini naye asiache chumvi ikaukie kichwani.

Kukausha ni muhimu kama kuosha. Dredi ni kama sponji: nje huweza kuwa kavu na ndani bado mbichi. Zikifungwa kwa kofia au kilemba zikiwa na unyevu, hasa wakati wa masika, huanza kunuka uvundo, na uvundo ukiingia ndani hautoki kwa manukato. Inafaa kuosha asubuhi, kukamua kwa taulo na kukaa penye jua au upepo. Usiku kitambaa cha satini husaidia, maana pamba hunyonya mafuta na kuacha nyuzi zake kwenye nywele.

Miezi mitatu ya kwanza ndiyo inayowashinda wengi. Nywele husimama kama miiba ya nungunungu, nyingine hufumuka kila zikioshwa, na badala ya kurefuka huonekana kuwa fupi zaidi, kwa sababu zinavimba na kujikunja ndani. Hiyo ndiyo dalili kwamba zinafunga. Wengi hunyoa wakati huu huu, wiki chache kabla ya matokeo kuonekana. Kati ya mwezi wa tatu na wa sita dredi huanza kushika, na kwa kawaida huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kukomaa. Mizizi isokotwe upya kila baada ya wiki nne hadi sita. Kusokota kila wiki kunakonda mizizi na kuirudisha shida ya mvuto tuliyokwisha kuiona. Field Marshal Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau, alizifuga zake tangu enzi za msituni hadi Aprili 2022. Mwenye miezi mitatu bado yuko mlangoni.

Mwenye mashilingi, ambayo wengine huita choa, atibiwe kwanza. Ugonjwa huu huwapata zaidi watoto na huenezwa kwa vitana, taulo na mashine za kunyolea. Wa kichwani hauponi kwa kupaka dawa peke yake kwa sababu umeingia kwenye mizizi ya nywele. Unahitaji dawa za kumeza kwa wiki kadhaa, zinazotolewa kwa ushauri wa mhudumu wa afya. Kusokota nywele juu yake ni kuuficha na kuueneza.

Vifaa navyo viangaliwe. Sindano ya kroshia ikichoma ngozi, na wembe ukikata unaponyoosha kingo, damu huingia kwenye kifaa, na virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini aina ya B huweza kupitia hapo. Wembe uwe mpya kwa kila mteja. Vitana, vibanio na sindano vioshwe kwa sabuni, kisha vitiwe kwenye maji yenye jiki au vifutwe kwa spiriti. Mteja ana haki ya kuuliza hili kabla ya kukaa kitini, na fundi anayekasirika kwa kuulizwa amekwisha kujibu.

Kwa walio bado shuleni, mwaka 2019 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba shule ilikosea kumfukuza mwanafunzi wa imani ya Rastafari kwa sababu ya dredi zake. Uamuzi huo ulihusu imani ya mwanafunzi, si mtindo. Mzazi ambaye mtoto wake anafuga dredi kwa imani azungumze na uongozi wa shule mapema, kabla ya siku ya kuripoti. Na anayetarajia kujiunga na polisi au jeshi afahamu kwamba huko nywele hukatwa.

Dredi zisizozidi wiki chache zinaweza kufunguliwa kwa maji na kiyoyozi cha nywele. Zikishafunga, njia ya uhakika ya kuzitoa ni kukata. Saluni yenye vifaa vichafu iripotiwe kwa afisa wa afya ya umma wa wadi, na mwenye vidonda au upara unaoenea kichwani afike kwenye zahanati iliyo karibu naye.