Fahamu: Kiti kizuri cha tamasha ukitokea Dadaab

Tiketi za matamasha mengi ya Nairobi huuzwa mtandaoni na kulipiwa kwa M-Pesa. Za bei nafuu huisha mapema. Lakini kwa mkimbizi wa kambi ya Ifo, Dagahaley au Hagadera huko Dadaab, kinachotangulia ni kibali cha kutoka kambini, kinachotolewa na Idara ya Huduma za Wakimbizi. Kipate kabla hujalipa.

Kisha angalia mpangilio wa ukumbi. Tiketi ya VIP mara nyingi hununua ukaribu na jukwaa tu, wala si sauti safi. Sauti bora husikika katikati, karibu na meza ya fundi mitambo, maana yeye huipanga kwa masikio yake mwenyewe. Na pasipo viti vya namba, hata mwenye tiketi ya kawaida hupata nafasi hapo, akiwahi mlangoni.