Je, mwanao anajua kupika? Jiko nalo ni sehemu ya malezi

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mlezi wa viumbe vyote, aliyetutolea riziki katika ardhi na bahari. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na Masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, kila mwaka vyuo vinapokaribia kufunguliwa, nyumba nyingi za Waislamu hujaa pilikapilika za kumwandaa kijana anayekwenda kuishi peke yake Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma au kwingineko. Baba hutafuta nauli na ada. Mama hukunja shuka, hutia mswala na Msahafu ndani ya begi, kisha hununua ndoo na godoro. Wengine huondoka si kwa ajili ya masomo bali kwa kazi ya kwanza, nao huagwa kwa dua na nasaha nyingi. Pamoja na maandalizi yote hayo, ni wazazi wachache wanaomwuliza mtoto wao swali dogo: mwanangu, unajua kusonga ugali?

Swali hilo ni dogo kwa maneno tu. Kijana asiyejua kupika hula kwa fedha taslimu mara tatu kwa siku. Asubuhi ni chai na chapati mgahawani, mchana ni sahani ya wali, usiku ni chipsi mayai. Siku za mwanzo wa mwezi hufurahia, kwani mfuko bado mzito. Ikifika katikati ya mwezi huanza kuruka mlo, na mwisho wa mwezi hubaki na maandazi mawili na deni dukani. Sote twajua kwamba Mtume (SAW) alikuwa akiomba kinga kwa Mwenyezi Mungu dhidi ya mzigo wa deni, kama ilivyopokewa na Bukhari. Ni jambo la kusikitisha basi kijana kuingia katika deni kwa sababu ya sahani ya chakula ambacho angekipika mwenyewe kwa gharama ndogo.

Hapa hatusemi neno baya juu ya mama ntilie. Wao ni watu wa jasho la halali, na wamewalisha wengi wetu. Tunachokisema ni kuwa mwenye kipato kidogo hawezi kumlipa mtu mwingine ampikie kila mlo, mwezi baada ya mwezi, kisha akategemea kubakiza cha kumpelekea mama yake kijijini.

JE, JIKO NI AIBU KWA MWANAMUME?

Wako wazazi wanaomfundisha binti peke yake, na mtoto wa kiume akisogea jikoni hufukuzwa kwa kicheko. Husema, "Huyu ataoa." Kauli hiyo ina makosa mawili. Kwanza, baina ya siku ya kuondoka nyumbani na siku ya kuoa hupita miaka mingi, na tumbo halingoji harusi. Pili, mke si mpishi wa kuajiriwa. Atakayeoa kwa haraka ili apate wa kumpikia atakuwa amejenga ndoa juu ya sufuria, na siku mkewe atakapougua au kujifungua, nyumba nzima italala njaa.

Tuna mfano ulio bora kuliko desturi zetu. Bi Aisha (RA) alipoulizwa Mtume (SAW) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alieleza kuwa alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, na ulipofika wakati wa Swala alitoka kwenda kuswali. Habari hii imo katika Bukhari. Humo pia tunapata mafundisho kwamba hakuna chakula bora kwa mtu kuliko kile atokacho katika kazi ya mkono wake, na kwamba Nabii Daud (AS) alikuwa akila kwa kazi ya mikono yake. Ikiwa mbora wa viumbe hakuona haya kuwahudumia wa nyumbani mwake, kijana wetu ataonaje haya kujihudumia mwenyewe?

VYOMBO NA VITU VYA KUANZIA

Jiko la kijana halihitaji mambo makubwa. Sufuria mbili zenye vifuniko, mwiko, kisu, kibao cha kukatia, sahani, kikombe na ndoo ya maji yenye mfuniko vinatosha. Jiko laweza kuwa la mkaa, la mafuta ya taa au la mtungi mdogo wa gesi.

Juu ya jiko la mkaa pana jambo ambalo kila mzazi lazima amwambie mwanawe kabla hajaondoka. Mkaa unapoungua hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haionekani wala hainuki. Katika chumba kilichofungwa, gesi hiyo humlewesha aliyelala na kumwua bila ya yeye kuamka. Kwa hiyo mkaa upikiwe nje au mahali penye hewa ya kutosha, na kamwe jiko lisiingizwe ndani usiku ili kupata joto, hata kama mvua inanyesha na makaa yanaonekana yamefifia.

Fedha zinapoingia, kitu cha kwanza kununuliwa kiwe ni vyakula vikavu visivyoharibika upesi: unga wa sembe au dona, mchele, maharage, dagaa, mafuta ya kupikia, chumvi na vitunguu. Kilo moja ya maharage makavu hutoa milo minane hata kumi ya mtu mmoja, na kilo ya mchele humtosha milo mitano au sita. Mboga za majani, nyanya na ndimu zinunuliwe kidogo kidogo siku ya kupikwa. Mwenye akiba hii chumbani halali njaa hata fedha zikikawia.

MAPISHI MANNE YA KUANZIA

La kwanza ni ugali. Kwa mtu mmoja, chemsha vikombe viwili vya maji. Koroga unga kidogo katika maji baridi, umimine katika maji yanayochemka na uache utokote kama uji kwa dakika chache. Kisha ongeza unga kidogo kidogo huku ukisonga mpaka ushikane, uugeuzegeuze juu ya moto mdogo hadi uive. Kikombe kimoja cha unga na zaidi kidogo kitatosha. Wengi hukosea kwa kumwaga unga wote kwa pamoja, nao hupata mabonge yenye unga mbichi ndani.

La pili ni maharage. Yachague, yaoshe, na uyaloweke usiku kucha katika maji mengi. Asubuhi mwaga maji hayo, tia mengine, na yaache yachemke kwa nguvu kwa muda usiopungua dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Dakika hizo ni muhimu, kwani maharage, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili ambayo huondoka kwa mchemko mkali, na mtu akila yasiyoiva huweza kutapika na kuharisha. Yakilainika, kaanga kitunguu na nyanya kwa mafuta kidogo, changanya, tia chumvi. Ukijaaliwa nazi, tui lake huyafanya kuwa kitoweo cha mgeni.

La tatu ni dagaa. Ondoa vichwa na mchanga, waoshe kwa maji ya vuguvugu mara mbili au tatu, wakaange kidogo, kisha watie kitunguu, nyanya na ndimu. Dagaa huliwa pamoja na mifupa yao, hivyo humpa mlaji protini na madini ya kalsiamu kwa bei ndogo kuliko nyama.

La nne ni mchicha. Uoshe kabla ya kuukata, si baada yake, na uupike kwa dakika chache tu. Wanaouchemsha muda mrefu kisha wakamwaga maji, humwaga pamoja nayo sehemu ya vitamini. Kipande cha ndimu au chungwa pamoja na mlo huusaidia mwili kuyapokea madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga, ilhali chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia. Ni vyema chai ingoje kidogo.

TAHADHARI YA KIPORO

Wali una namna yake. Kikombe kimoja cha mchele huchukua takriban vikombe viwili vya maji. Maji yakikaribia kukauka, funika na upalie makaa juu ya kifuniko, au punguza moto wa gesi kabisa. Lakini asiye na jokofu apike wa kumtosha mlo mmoja. Katika mchele mna vijidudu vinavyostahimili moto, na wali ukilala sufuriani katika joto letu huzaliana na kutoa sumu isiyoondoka kwa kupasha moto. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa funguo tano za chakula salama uliotolewa mwaka 2001, linaagiza chakula kilichopikwa kisiachwe nje ya jokofu zaidi ya saa mbili. Kiporo cha asubuhi tulichokizoea utotoni kinahitaji kufikiriwa upya.

KULA PAMOJA

Hapo ndipo tunapoona hekima ya mafundisho ya dini yetu. Kupika maharage ya mtu mmoja hula mkaa sawasawa na kupika ya watu wanne, na kinachobaki huharibika. Bukhari na Muslim wamepokea mafundisho ya Mtume (SAW) kwamba chakula cha wawili huwatosha watatu, na cha watatu huwatosha wanne. Vijana wanne wa nyumba moja wakichanga na kupokezana zamu, kila mmoja atapika siku moja na kula siku nne. Gharama hupungua, hakuna kinachotupwa, na aliyeugua hupata wa kumpelekea uji. Abu Dharri (RA) naye aliusiwa kuongeza maji katika mchuzi ili jirani apate, kama alivyopokea Muslim. Aidha Mwenyezi Mungu, katika Suratul A'raf aya ya 31, ametuamrisha kula na kunywa pasi na kufanya israfu.

Faida hii huonekana zaidi katika mwezi mtukufu wa Ramadhani. Alfajiri migahawa mingi imefungwa, na kijana asiyejua kupika hufunga bila ya daku, hali ya kuwa Mtume (SAW) ametufunza kuwa katika daku mna baraka. Sufuria ndogo ya uji na viazi vichache vilivyochemshwa vingemtosha.

WAZAZI, TUANZE MAPEMA

Umar bin Abi Salama (RA) alikuwa kijana mdogo aliyelelewa na Mtume (SAW), na mkono wake ulikuwa ukizunguka huku na huko katika sahani. Mtume hakumfukuza. Alimfunza kutaja jina la Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wa kulia na kula kilicho mbele yake. Naye Umar alieleza kuwa tangu siku hiyo aliendelea kula kwa namna hiyo. Ndivyo malezi yanavyokuwa: neno la upole, kwa wakati wake, mezani na jikoni.

Basi mtoto wa darasa la tano achague mchele na kukata mchicha. Wa sekondari apewe zamu ya kupika mlo mmoja kila wiki, wa kike kwa wa kiume, na unga ukiungua tusimcheke. Miezi iliyo kati ya mtihani wa kidato cha sita na kufunguliwa kwa vyuo itumike kumkabidhi jiko la nyumba na fedha za sokoni kwa wiki nzima, aone mwenyewe jinsi elfu kumi inavyokwisha. Wahenga walisema, mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awalinde vijana wetu walio mbali na nyumbani, awape riziki ya halali, afya njema na mikono isiyochoka kufanya kazi. Amin. Wabillahi tawfiq.