Bendi: Vyombo ni nusu ya mtaji

Mfanyabiashara wa Bugarama anayetaka kuanzisha bendi, akitegemea mishahara ya mgodi wa Bulyanhulu, asidhani kununua vyombo kunamaliza kazi. Mlimani Park Orchestra ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1978. Mwaka 1983 ikachukuliwa na shirika la DDC. Mwaka 1985 Muhidin Maalim Gurumo na wenzake walihamia Safari Sound ya Hugo Kisima. Vyombo vilibaki, vipaji vikaondoka.

Mkataba uandikwe mapema. Watu 200 kwa kiingilio cha Sh. 5,000 ni Sh. 1,000,000. Toa usafiri, mafuta ya jenereta na akiba ya matengenezo. Salio wanamuziki wapate asilimia yao, si mshahara pekee. Mwenye fungu hahami ovyo.