Herufi nene za mviringo: Kwa nini hupendeza bangoni na kusumbua gazetini

KAMPUNI ya magari ya Volkswagen ya Ujerumani ilipounganisha mtandao wake wa mauzo na ule wa Audi mwishoni mwa miaka ya 1970, ilikabiliwa na tatizo ambalo wanunuzi wengi hawangelitambua: ndugu hao wawili hawakuwa na mwandiko mmoja. Volkswagen ilitumia Futura, herufi zilizobuniwa na Mjerumani Paul Renner na kutolewa mwaka wa 1927, ilhali Audi ilitumia Times, ambazo zina vijimkia kwenye ncha zake.

Suluhisho lilikuwa kuunda herufi mpya zilizopewa jina VAG Rundschrift, na ambazo baadaye zilijulikana zaidi kama VAG Rounded. Umbo lake hufuata jiometri: 'O' hukaribia duara la bikari, mistari ina unene unaokaribia kulingana, vijimkia havipo, na kila mstari huishia kwa ncha ya mviringo badala ya kukatwa mraba.

Ncha hizo si urembo mtupu. Brashi ya mchoraji mabango, neli ya taa ya neoni na kekee ya kuchonga mbao huacha ncha ya mviringo zenyewe. Pembe kali huhitaji kazi ya ziada, na ikikosewa kidogo, kasoro huonekana. Baadaye kampuni ya Apple ilizitumia herufi hizi kwenye kibodi zake kwa miaka kadhaa, kabla ya kuanza kuziacha mwaka wa 2015 na kutumia zake yenyewe, San Francisco.

Hata hivyo, kila chombo na kazi yake. Jicho halitambui herufi kwa wino pekee, bali pia kwa nafasi nyeupe iliyomo ndani yake. Herufi inaponenepeshwa, wino huila nafasi hiyo. Bangoni hakuna neno, kwani ukubwa hufidia. Lakini herufi hizo zikipunguzwa hadi kimo cha habari za kawaida, na wino utapakae kidogo kwenye karatasi ya gazeti, tundu la 'e' huziba, nayo 'c' hukaribia kuwa 'o'.

Katika Kiswahili hatari hiyo si ndogo, kwa kuwa silabi nyingi huishia kwa irabu na irabu moja hubeba maana nzima. 'Sema' iliyoziba tundu husomeka 'soma'. 'Penda', 'panda' na 'ponda' hutenganishwa na herufi moja tu.

Ndiposa herufi nene za mviringo hufaa zaidi kwa maneno machache na makubwa: jina la duka, jalada la kitabu cha watoto, kichwa cha tangazo. Anayezichagua hana budi kuchapisha nakala moja kwa ukubwa halisi, kisha aisome akiwa umbali ule ule atakaosimama msomaji. Akilazimika kukodoa macho, basi amekosea chaguo.