Ndoo Chini ya Klimatizeri

Nyuma ya ofisi moja hapa Kambove kuna ndoo ya plastiki chini ya mpira wa klimatizeri. Mwezi wa Oktoba, jua kali na mvua bado, haipati hata nusu. Ikifika Januari, mlinzi anaimwaga mchana na jioni tena. Maji yenyewe anaoshea pikipiki.

Ndoo hiyo ndiyo mita yangu. Klimatizeri haipozi hewa tu, inaikamua pia. Kila lita inayodondoka ilikuwa mvuke, na joto la kuondoa hapo linakaribia kilowati-saa 0.7; mashine nzuri hula kama theluthi ya hizo. Ukiacha mlango wazi kwa sababu ya maongezi, unakamua masika yote ya Katanga. Na anayenunua mashine kubwa kupita chumba, ati ipoze haraka, anajipunja: baridi inafika upesi, mashine inazima kabla hewa haijakauka, na watu wanabaki na ubaridi wa pangoni.

Umeme nao si wa kuchezea. Bwawa la Mwadingusha, kwenye mto Lufira, linazalisha tangu 1930, na laini ya umeme kutoka bwawa la Inga inasafiri karibu kilomita 1,700 mpaka Kolwezi. Bado migodi inauhitaji, na sisi delestaji, yaani mgao wa umeme, tunaijua.

Ningekuwa fundi wa ujenzi, ningeanzia kwenye kichuguu cha mchwa. Matofali mengi ya huku ni udongo wake, uliochomwa tanuruni. Ukuta mnene wa tofali hilo hunywa joto la mchana polepole, na usiku wetu, kwenye uwanda huu wa juu, una baridi ya kuutuliza ukifungua madirisha. Harare wanayo hesabu hiyo hiyo: jengo la Eastgate, la mwaka 1996, hupozwa kwa hewa ya usiku inayosukumwa na feni hadi kwenye zege. Msanifu wake, Mick Pearce, aliiga kichuguu. Wataalamu walikuja kusema mchwa hawapozi hivyo hasa, lakini jengo halikuwasubiri.

Bati ndilo linalotuponza. Bila dari, joto linashuka moja kwa moja kichwani, na klimatizeri inashindana na paa siku nzima.

Ofisi ile yenye ndoo haina dari. Mlinzi wake anakaa nje, chini ya mwembe.